Opera Iliyotupeleka Msibani Kitaya

Upuuzi niliufanya hata safari haijaanza, bora niuseme mapema. Sokoni Mtwara nilimkuta mzee wa Kitaya akiuza mchele, nikamnong'oneza: "Kesho anakuja kwenu mwalimu wetu, mzungu, na sanduku. Akiimba, ndege za Mreno zinamsikia." Nilitaka wafunge milango. Bibi Marta, mwalimu wetu wa muziki, alikuwa akitupeleka vijijini kuwaonyesha watoto opera, mchezo ambao watu hawasemi, wanaimba tu, hata wakiomba chumvi. Mimi, mvulana mzima, alinipa nafasi ya shangazi, nivae khanga. Na Kitaya ni kwao mama yangu. Wajomba wote wanione hivyo? Nilicheka peke yangu hadi nyumbani. Yule mzee hakucheka.

Saa moja asubuhi tuliondoka kwa Landrova, wanafunzi watano nyuma, Bibi Marta mbele, kapakata sanduku lake la santuri.

Naliendele tulisimama kutia maji kwenye rejeta. Bibi Marta akaandika kitu daftarini, akauliza mto wa mpakani uko mbali kiasi gani.

"Mto wa nini?" Bakari, rafiki yangu, aliniuliza chinichini.

"Anataka kuoga," nikamjibu. Lakini kuanzia hapo na mimi nikawa namtazama kwa jicho la pembeni. Uongo nimetunga mwenyewe, na umeanza kuniingia!

Saa nne tuliingia Kitaya. Hakuna mtoto aliyelikimbilia gari. Vita ya Mreno ilikuwa ng'ambo tu ya mto, na mabomu ya ndege zake yalikwisha kuanguka upande wetu. Mgambo wanne wenye magobore walisimama njiani. Mbele yao alikuwa mjomba Mfaume, mjumbe wa nyumba kumi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Shukeni. Sanduku libaki humo."

Alilifungua daftari la Bibi Marta. Mistari mitano mitano, imejaa nukta. "Ramani hii?"

"Ni nyimbo," alisema Bibi Marta.

"Zisome."

"Hazisomwi. Zinaimbwa."

"Basi utawaimbia wilayani, wakuweke ndani huko huko."

Mimi, msemaji wa darasa, nilirudi nyuma ya wenzangu. Ni Bakari aliyesema, "Mzee, si aimbe tu, tusikie?"

Bibi Marta akaimba kilio cha binti wa kwenye opera, aliyefiwa na mama. Sauti ilipanda, ikapanda tena, na mgambo wote wakatazama juu. Ndege haikuja. Walikuja wanawake! Walitoka mashambani mbio, khanga wamezifunga viunoni, mmoja na mzigo wa kuni kichwani, mwingine na unga kwenye ungo. Kule sauti ya mwanamke ikipanda namna ile mchana, watu hawaulizi, wanakwenda msibani.

"Nani kafa?" aliuliza Bi Somoe, mkubwa wao, akihema.

"Mama," alisema Bibi Marta, machozi yakimtoka. "Mama wa kwenye wimbo."

Bi Somoe alimtazama, akamtandikia mkeka. "Kaa, mwanangu. Na nyie wanaume, mnamliza mgeni kwa bunduki?"

"Somoe, usiingilie," alisema mjomba. "Habari zake tunazo tangu jana. Tumeletewa na mtu."

"Mtu gani?"

Nikasema, "Mimi, mjomba." Nikaeleza yote, mpaka khanga.

Mjomba hakunipiga. Alichukua khanga ya Bi Somoe akanifunga mwenyewe, kwa nguvu, akasema, "Haya, onyesheni." Niliimba ushangazi wangu mbele ya ukoo mzima. Watoto waligaagaa kwa kicheko, na binti alipofiwa, kina mama walilia kwelikweli. Mgambo waliendelea kutazama juu. Daftari mjomba hakulirudisha.

Saa kumi tulirudi. Bibi Marta hakugeuka nyuma hata mara moja. Mimi nilikuwa nimewaona watu wa Kitaya waoga. Kumbe kule kumshuku mgeni ndiko kulikowaweka hai, na mimi nilikuwa nimekuchezea.

Nyumbani nilimkuta mama akichambua mchele. Nikamsimulia, nikiweka vichekesho hapa na pale. Hakucheka. Alisema:

"Yule mwanamke ana mama yake huko kwao. Wangempiga risasi, ungekwenda wewe kumwambia?"