Niliwanyima Mkopo Wenye Kufuli Mlangoni

Siyo mafuriko. Ni mimi.

Kwa miaka mingi, mtu akiniuliza mfuko wetu wa mikopo pale Ifakara ulikufaje, nilijibu bila kupepesa macho: maji yalibeba mpunga. Uongo mtupu! Mwaka ule mpunga ulikubali mpaka Malinyi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nimetoka chuo kikuu juzi, nakanyaga tope kwa viatu vya kisigino, na kazi yangu ni kuamua nani akopeshwe. Waombaji walizidi fedha. Chuoni nilifundishwa kwamba usipowajua wakopaji, usipandishe riba: mwenye nia ya kulipa ataogopa, utabaki na asiyewaza kulipa. Chagua watu. Nilipata alama za juu. Jinsi ya kuwachagua haikuwa kwenye mtihani.

Nikabuni kipimo. Namtembelea mwombaji bila taarifa. Nikimkuta nyumbani, anapata. Nikikuta kufuli na nyasi uani, nakata jina: huyu atatoroka.

Jamani, nilizunguka masika! Mkulima wa mpunga masika anakaa nyumbani kufanya nini? Wote walikuwa wamehamia mashambani ng'ambo ya mto, na watoto na kuku, wanapalilia, wanafukuza ndege. Niliowakuta ni mafundi wa kucheza bao. Walinikaribisha vizuri mno. Chai nilikunywa!

Siku moja, mtaa wa Lumemo, jirani mmoja alinikuta nimesimama mbele ya kufuli la mwombaji aitwaye Mama Anjela.

"Dada, unamtafuta Mama Anjela nyumbani, masika hii? Si umtafute na padri kilabuni!"

Tulicheka wote. Kisha nikakata jina.

Marejesho yalipoanza kudaiwa, chai ilikuwepo, hela hapana. Bosi wangu Morogoro akataka maelezo. Nikaogopa kibarua changu. Nikamwambia mafuriko yamesomba mpunga wote, hakuna aliyebaki na kitu.

Wiki hiyo hiyo Mama Anjela akaingia ofisini, tope limemkaukia miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mpunga umeiva, vibarua wa kuvuna sina hela ya kuwalipa. Mfanyabiashara kashafika, anautaka hivyo hivyo ukiwa shambani, kwa bei ya kuchekesha. Nikimwachia, kodi ya shamba sitaiweza. Nitalima wapi?"

Sikuweza kumtazama. Nilimpigia bosi, nikamwombea mkopo huo mmoja tu. Akasema atafikiri, atapiga.

Ninyi mnaokopesha watu leo, nisikilizeni. Mkulima mtafuteni shambani kwake. Na mkikosea, semeni siku ile ile, hata kama kazi itaota mbawa. Yangu iliota mbawa hata hivyo! Ukijaza uongo mahali pa habari ya kweli, atakayeumia ni yule mkweli.

Simu ikalia. Mama Anjela akasogeza kiti.

"Huyo mama wako," bosi akasema, "anataka hela avune nini? Si uliniambia mpunga wote umekwenda na maji?"

Nikamgeuzia Mama Anjela mgongo.

"Basi huyo ni tapeli kama wenzake. Ifakara nimefunga. Usimpe mtu hata senti."

Akakata.

"Anasemaje, mwanangu?"

Nikamwambia laini ya simu mbovu, sikumsikia vizuri.