Bawaba Tatu na Komeo Moja

Jumapili hiyo sikuwa nimepanga kitu isipokuwa kulala. Wiki tatu nzima nilikuwa nimelala kwenye benchi la hospitali, shingo imepinda, na Jumamosi mchana ndipo daktari, kijana mpole, aliponiita kando akaniambia, "Mama, sasa mpeleke mzee nyumbani." Nikamuuliza lini. Akasema leo au kesho, tusikae sana. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamshukuru mpaka akaona haya akaanza kutazama viatu vyake. Nikadhani ni malezi mema.

Mume wangu alikuwa ameketi kitandani, mlango uko wazi, anatutazama. Nikamwendea nikamwambia, "Tumeruhusiwa. Tunaenda nyumbani."

"Nimesikia," akasema.

Nikafunga nguo zake kwenye leso, tukapanda tuktuk mpaka Manyatta tunakokaa, na njiani nikampigia simu binti yetu aliye Nairobi nikamwambia baba yake amepona. Nilisema hivyo kwa sauti, amepona, hata dereva akageuka kutuangalia. Mume wangu alikuwa ameangalia barabara.

Basi asubuhi ya Jumapili nikaamshwa na nyundo. Nilianza kumlaani jirani kimoyomoyo, mtu asiye na kanisa wala usingizi, kisha nikapapasa upande wa pili wa kitanda nikakuta hakuna mtu. Nilimkuta uani amekalia kreti ya soda, miguu imevimba haiingii hata kwenye kandambili, tumbo limejaa maji, mikono imebaki mifupa, na anagongelea mguu wa kile kigoda changu cha jikoni kilichokuwa kikicheza tangu mwaka juzi.

"Rudi ulale," nikamwambia.

"Nimelala wiki tatu. Nipe uji."

Akanywa vikombe viwili. Mimi nilivihesabu vile vikombe kama dawa.

Lazima niseme mume wangu alikuwa seremala. Alitengenezea watu milango kutoka Kondele hadi Dunga, na kwangu dirisha lilifungwa kwa kamba ya katani. Miaka ishirini na miwili nimemwambia, baba, hili dirisha. Miaka ishirini na miwili amenijibu, kesho. Ndiyo maana Jumapili hiyo nilipomwona ametoka kwenye kigoda ameenda dirishani, kutoka dirishani ameenda kwenye mfereji wa maji uani uliokuwa ukidondoka, niliona ni muujiza unaopita nyumba kwa nyumba na leo umefika kwangu. Kanisa la jirani lilikuwa limeshawasha vipaza sauti, ngoma na kinanda, nami nikaimba nao nikifua shuka za hospitali. Nilikuwa na furaha, siwezi kudanganya. Sijawahi tena kufurahi vile.

Akanituma dukani nimletee kile kimpira cha ndani ya mfereji. Nikaenda. Nikarudi, akanituma sandpepa. Nikaenda tena, nikinung'unika, maana hata mgonjwa akipona hafai kuzoeshwa vibaya.

Niliporudi mara ya pili nilimkuta mlangoni ameshika uzi. Anapima mlango wetu, juu mpaka chini, kisha upana, na kila kipimo anakifunga fundo. Akaniuliza kama zile mbao za kibanda changu cha zamani bado ziko. Ni kibanda nilichokuwa nauzia viazi kando ya barabara kabla sijapata nafasi ndani ya soko, na mbao zake zilikuwa chini ya kitanda. Nikazitoa moja moja.

"Mlango wa landilodi unautengenezea nini?" nikamwambia. "Mwache atengeneze mwenyewe. Kodi anakula."

"Huu si wa landilodi," akasema.

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha wake.

Akaketi, akaanza kupiga randa. Kila akisukuma mara tatu anapumzika. Nikataka kumzuia nikashindwa, kwa sababu uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona mwaka mzima. Halafu akasema, "Enda Kibuye uniletee bawaba tatu za inchi nne, komeo moja, na misumari ya mabati nusu kilo."

"Misumari ya mabati ya nini tena?"

"Nunua tu, nyar Okuyu."

Ndivyo alivyoniita akitaka kunituliza, binti wa Kikuyu. Nilitoka kwetu Murang'a nikiwa msichana, nikaja na mjomba kuuza viazi, nikaolewa huku. Kiluo changu mpaka leo ni cha sokoni.

Soko la Kibuye siku ya Jumapili ni watu juu ya watu. Nilipita nguo, nikapita omena, mpaka upande wa vyuma, kwa mzee mmoja anayetandaza bidhaa zake juu ya gunia na ambaye mume wangu amenunua kwake maisha yake yote. Akaniuliza, "Fundi ameamka?"

"Ameamka zamani. Mfereji ametengeneza, dirisha ametengeneza. Sasa anataka hinji tatu za inchi nne, komeo na misumari ya mabati."

"Anajenga?"

"Ajenge nini, na alitoka hospitali jana tu. Daktari alisema twende nyumbani."

Mzee alikuwa anapima misumari. Mkono ukasimama juu ya mizani.

"Alisema nyumbani?"

"Alisema nyumbani. Tulifika jana jioni."

"Mlifika wapi?"

"Manyatta. Kwani tunakaa wapi?"

Akaweka misumari chini. "Mama," akasema, "Manyatta ni kwa nyumba. Nyumbani ya fundi ni Bondo." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimemkodolea macho, akanirudishia kwa lugha yao, polepole, "Ot en ot. Dala en dala." Nyumba ni nyumba. Nyumbani ni nyumbani.

Akachota konzi moja zaidi ya misumari, akaitia kwenye karatasi bila kupima. "Mwambie fundi nimesema pole."

"Pole ya nini?" nikamwuliza kwa ukali, watu wakageuka. "Mtu amepona mnampa pole?"

Akaanza kupanga makufuli yake.

Sikupanda pikipiki. Nilitembea, kikapu mkononi. Neno hilo nalijua. Kwetu sisi ukipika mahali na kulala hapo, hapo ni nyumbani, imeisha. Lakini huku mji ni nyumba tu, nyumbani ni kule kwa baba yako, mahali utakapozikwa. Wateja wangu wa viazi wakiniambia mzee fulani amepelekwa nyumbani, siulizi amepata nafuu gani, nauliza mazishi ni lini. Miaka ishirini na miwili nimeuliza hivyo. Na siku neno lilipoelekezwa kwangu, nikalisikia kwa masikio ya Murang'a, kwa sababu ndivyo nilivyotaka kulisikia. Nimemshika kijana wa watu mkono nikimshukuru.

Na misumari ya mabati nikaielewa palepale barabarani. Huku mwanamume asiyekuwa na nyumba yake katika boma la baba yake, akifa, lazima ajengewe kwanza ndipo azikwe. Chumba kimoja cha mabati, siku moja, apate pa kulazwa. Mume wangu hakuwa amejenga. Kila mwaka ilikuwa kesho. Lakini mara nyingi aliitwa alfajiri na watu wa matanga, fundi tunataka mlango jioni hii, naye alikwenda, na kila mara alirudi amekasirika hataki chakula. "Mtu mzima anajengewa kama kuku," alikuwa akisema. "Na watu wenye haraka."

Nilipofika, mlango ulikuwa karibu umekwisha. Ulikuwa umelazwa juu ya kreti mbili, mbao za kibanda changu zimepigwa randa mpaka zimekuwa nyeupe, na mahali palipokuwa na maandishi yangu ya VIAZI herufi mbili tu ndizo zilizobaki, kwa mbali. Ulikuwa mlango mzuri.

"Umeleta?" akauliza.

"Komeo nimepata. Misumari nimepata. Bawaba zimeisha."

"Zimeisha kwa yule mzee?"

"Zimeisha soko lote."

Alinitazama. Mtu aliyenunua bawaba Kibuye tangu ujana wake anaambiwa zimeisha soko lote, siku ya Jumapili. "Basi," akasema, "utaangalia kesho."

Nikaingia ndani na kikapu changu, nikafungua mkebe wa unga, nikazitia bawaba zote tatu chini kabisa, nikasawazisha unga juu kwa kiganja. Bila bawaba hakuna mlango, bila mlango hakuna nyumba, bila nyumba hatuna la kwendea Bondo. Hayo ndiyo mawazo niliyokuwa nayo, mimi mtu mzima.

Kisha nikatoka nikamwuliza, "Jana ulisikia nini?"

"Nilisikia vile daktari alisema."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi." Akapuliza vumbi la mbao. "Nikaona nikuachie Jumapili."

Nikakaa chini kwenye saruji. Akaniambia mengine kama mtu anayepanga kazi ya wiki. Ndugu yake ameshakata miti. Mabati yapo, yale ya zizi la zamani. Ni chumba kimoja tu, siku tatu nne. Kesho tupande gari, mlango tuufunge juu. "Nataka niingie kwa miguu yangu," akasema. "Hata siku moja. Nilale ndani, niamke, nifungue mlango mwenyewe. Halafu basi."

Hakuwa ameniomba kitu kikubwa maisha yake yote, na hicho ndicho alichoomba. Nami nikamjibu kwa hasira ambayo hata sijui niliitoa wapi. Nilimwambia hakuna mtu anaenda mahali. Nilimwambia kesho tunaenda hospitali nyingine, na nyingine, na daktari yule ni mtoto hajui kitu. Nikamwambia na huo mlango wako upasue tupikie. Majirani walisikia. Yeye akachukua sandpepa akaendelea kusugua ukingo, taratibu, akipumzika kila mara. Hilo neno la kupasua ningependa kulirudisha kuliko maneno yote niliyowahi kusema.

Jumatatu tulipanga foleni hospitali ya pili. Hakubishana nami, alivaa shati akanifuata. Jumanne wakatuambia turudi kesho na majibu ya damu. Jumatano, tukiwa kwenye benchi, aliegemeza kichwa begani mwangu, nikadhani amepata usingizi, nikakaa bila kusogea nisimwamshe. Namba yetu iliitwa mara mbili.

Ijumaa wakamjengea huko Bondo. Walianza alfajiri, na kufikia saa tisa ilikuwa imesimama, chumba kimoja, mabati ya zizi yana matundu ya misumari ya zamani. Misumari ya yule mzee ilitosha, na konzi ile ya ziada ilitumika pia. Mlango wake niliuleta mimi juu ya gari, na watu walipouona waliupapasa. Shemeji akaja akaniuliza, "Mama, na bawaba ziko wapi? Fundi hangesahau bawaba."

Nikamwambia hakuna.

Wakaufunga kwa vipande vya mpira wa gurudumu. Ukaning'inia upande mmoja, ukagoma kufunguka wote, na jeneza lilipofika likakwama. Ikabidi waung'oe kwanza, wauegemeze ukutani, ndipo wakamwingiza, watu wanne wamembeba. Binti yetu alikuwa amenishika mkono. Hakuniuliza kwa nini nilimwambia amepona.

Sasa niko Manyatta, nauza viazi. Mfereji haudondoki, dirisha linafungwa kwa kidole kimoja, kigoda kimetulia. Unga nilikula mpaka nikafika chini ya mkebe, kijiko kikagonga chuma, nami sikushtuka, maana sikuwahi kusahau kwamba ziko pale. Shemeji hunipigia simu, anasema ule mlango upepo unauchezea, atafute bawaba? Namwambia aache, nitaleta. Mara mbili nimezitia kikapuni nikaenda nazo mpaka Bondo, nikakaa ndani ya kile chumba nikiutazama mlango, na mara mbili nimerudi nazo hapa kwa nyumba.