Samaki Mezani kwa Madame

Siku ya kwanza niliingia darasani na chaki mkononi na mtoto mgongoni, na hakuna aliyekuwa amenifundisha kuvitumia vyote viwili kwa pamoja. Shule yenyewe ilikuwa ndani ya msitu wa Walikale. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la majani, na kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa na kugongwa kwa jiwe. Papa Direkta, mkuu wa shule, alikuwa mtu mrefu mwenye koti lililochakaa viwiko. Alisoma barua yangu ya kutumwa, akanitazama, kisha akamtazama mtoto.

"Madame, bwana yako iko wapi?"

"Iko nyuma, Papa Direkta. Anabeba mizigo."

"Sawa. Mwaka wa kwanza njo yako. Batoto iko makumi sita na mbili. Na huyu wa mugongo, makumi sita na tatu."

Mwalimu mwanamke kwetu huitwa Madame na kila mtu, hata na mama mkwe wake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nimezaliwa kwenye vilima vya juu ya Bihambwe, huko Masisi, katika ukoo wa kufuga, na nilijua majina ya ng'ombe kabla ya kujua herufi. Mume wangu, Papa Faustin, ni seremala, mtoto wa wakulima wa maharagi na muhogo wa kilima cha pili. Faustin mwenyewe, kifungua mimba wetu, alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Tulitembea siku nne kutoka Masisi, kwa sababu barabara ya wakati ule ilikuwa jina tu. Ninyi walimu vijana mnaotumwa shule ya mwendo wa nusu saa kwa pikipiki na kuanza kuomba uhamisho kabla hamjashuka, nisomeni polepole.

Kazi yetu ilikuwa na vitabu vyake vya lazima. Kila somo liliandikiwa fishi, yaani karatasi ya matayarisho yenye lengo, maswali na majibu unayoyatarajia. Juu ya fishi kulikuwa na jurnali, daftari la mpango wa siku, ambalo Papa Direkta alilitia sahihi asubuhi kabla hujafungua kinywa. Ubao tuliupaka mweusi kwa unga wa betri zilizokufa tulioukanda na maji ya majani ya muhogo. Mwaka wa kwanza ulifundishwa kwa Kiswahili, lakini wale watoto walikuja na Kinyanga chao tu, nami nilikuja na Kiswahili cha milimani. Mwezi mzima tulisomeshana kwa vidole na macho.

Darasa nililiweza. Nyumba ndiyo iliyonishinda.

Faustin alikuwa ameachishwa ziwa kwa maziwa ya ng'ombe, kama tulivyoachishwa sote. Kibuyu nilichobeba kiliisha njiani, na Walikale haikuwa na ng'ombe hata mmoja. Jirani yangu, Mama Séraphine, mjane mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alituletea sombe, yaani majani ya muhogo, ya mawese na kambale wa kukaushwa kwa moshi. Nilimshukuru, nikampa mume wangu. Mtoto sikumpa. Wazee wetu walisema anayekunywa maziwa akila samaki, viwele vya ng'ombe hukauka. Mama yangu alinikumbusha hayo siku ninaondoka, akamalizia kwa ile ya mwacha mila ni mtumwa. Basi nikawa namlisha mtoto ndizi na chai ya sukari, nikilinda viwele vya ng'ombe waliokuwa mwendo wa siku nne.

Mume wangu alijaribu. "Mimi nakulaka hii samaki, na sijakufa."

"Wewe haukukomea ku maziwa," nilimjibu, yaani yeye hakukuzwa kwa maziwa. Ubishi wangu wa ujanani ulikuwa mkubwa kuliko akili.

Kufika mwezi wa tatu, nywele za Faustin ziligeuka nyekundu na nyayo zikavimba. Muuguzi wa kituo alibonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. "Madame, hii njo bwaki inaanza. Mutoto anakosa chakula cha kumujenga. Patia yeye samaki, ao karanga. Kama si vile, utamuzika." Nilisikia, nikatoka nimekaza uso, na njiani nikalia. Karanga hazikuwapo msimu ule. Samaki nilimwogopa, na kuliko samaki nilimwogopa mama yangu. Asubuhi yake niliandika barua ya kuacha kazi, nirudi Masisi penye maziwa kabla mtoto hajanifia mikononi.

Papa Direkta aliisoma akiwa amesimama.

"Madame, inspekta hajakuja kukuona. Mwalimu mupya akienda mbele ya kupata ripoti ya inspekta, jina yake inafutwa. Hautafundisha tena, hapa ao Masisi."

"Na mutoto wangu?"

Aliikunja barua. "Mutoto anapita kazi. Lakini njia iko siku nne, na mutoto iko vile. Atafika? Ngoja kidogo. Mimi nafunga barua mu meza."

Nikangoja, nikijilaumu kwa kungoja. Kwa kuwa Faustin alikuwa mwepesi wa kulia na mwepesi wa kubeba, Mama Séraphine alijitolea kukaa naye saa za darasa. Ikapita wiki, ikapita nyingine. Kisha kitu kikaanza kunishangaza: mtoto alilala bila kulia, akaacha kushikilia kanga yangu, akaanza kufukuza kuku wa watu. Nilimshukuru Mungu kwa kuibariki chai yangu ya sukari. Mume wangu alikuwa akiitikia amina huku ameinamia ubao wake anaupiga randa, na sikujiuliza kwa nini hainui kichwa.

Inspekta alifika bila taarifa, kama kawaida yao. Alikuwa mtu mfupi, mkali, kalamu tatu mfukoni. Aliketi nyuma ya darasa na kuomba jurnali. Somo la saa ile lilikuwa somo la kutazama, na mada, ambayo mpango wa mwaka ndio ulioichagua, si mimi, ilikuwa samaki. Sasa somo la kutazama lina sheria moja tu: kitu chenyewe kiwe mezani. Ukifundisha jiwe, lete jiwe. Mimi nilikuwa nimechora samaki ubaoni, mzuri, mwenye magamba yote, ili nisimshike.

"Madame, samaki iko wapi?"

"Iko ku ubao, Papa Inspekta."

"Ile ni picha. Mimi nauliza samaki."

Msichana mmoja wa benchi la mbele alikwishakimbia nje bila ruhusa, na aliporudi alikuwa na kambale mkavu juu ya jani. Nyuma yake alikuja Mama Séraphine, na kiunoni kwa Mama Séraphine alikuja Faustin, ananyoosha mikono na kulia kama mtu aliyeibiwa. Alijinasua, akashuka, akatembea mbele ya watoto makumi sita na mbili mpaka mezani. Akamshika yule samaki. Akabandua ngozi, akamega mnofu, akatafuta mwiba kwa ulimi, akautema pembeni kwa utulivu wa mzee, kisha akaendelea.

Darasa liliangua kicheko. "Madame," alisema yule msichana, "anakulaka vile kila siku!" Watoto wote walijua. Kijiji kizima kilijua.

"Nani alifundisha huyu mutoto?" aliuliza Inspekta.

Mama Séraphine alisogea mbele. "Njo mimi, Papa. Na baba yake alijua. Madame hakujua. Mutoto alikuwa anakufa, na mama yake alikuwa anachunga ngombe zenye haziko."

Hasira ilinipanda hadi kwenye masikio. Nilifungua kinywa nimjibu. Ndipo nikatazama miguu ya mwanangu. Nyayo zilikuwa kavu, ngumu, zenye vumbi, na kwenye shina la nywele palikuwa na weusi uliokuwa ukirudi. Nilipiga magoti palepale nikalia mbele ya mkubwa wangu wa kazi, na kilio kile kilikuwa cha raha. Sijawahi kupata raha kama ile, hata siku ya ndoa.

Nilipoweza kusimama nilimshika samaki kwa mikono yangu miwili, nikafundisha: kichwa, pezi, mkia. Ripoti ya Inspekta ninayo hadi leo. Inasema mwalimu anafaa, aendelee, ila azoee vifaa vyake vya kufundishia. Papa Direkta alitoa barua yangu mezani, akauliza, "Hii karatasi iko ya nani?" Nikasema siijui. Akaiwashia kiko chake.

Nilikaa Walikale miaka thelathini na mitatu. Nilihamishwa shule mbili zaidi, nikapanda kuwa Direktrise, nikazaa wengine wanne ambao hakuna aliyejaribu kuwaficha samaki. Kuna miaka askari walilala madarasani, tukafundishia uwanjani. Kuna miaka barabara ilifungwa na chaki ikaisha, tukaandika kwa muhogo mkavu. Mama yangu alikuja mara moja, akakuta wajukuu wamenenepa, akauliza wanakula nini. Nikamwambia ukweli. Alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akasema ng'ombe wake wako wazima.

Barua ya kustaafu ilipokuja, mume wangu alifunga randa zake tukarudi Bihambwe. Mikono yangu inashangaa kukosa chaki, lakini moyo umepumzika. Mwanamke mmoja hutuletea sambaza, dagaa wa ziwani, kutoka Bweremana, nami huzikaanga mchana kweupe huku kaka zangu wakigeuza nyuso. Nikiulizwa na walimu vijana siri ya kazi, nasema: mwalimu mgeni huanza kusomeshwa yeye kwanza, na bora asichelewe.

Faustin ndiye aliyetusindikiza. Leo ni muuguzi katika kituo kilekile cha msituni, mtu wa mabega, na mkewe ni wa kule. Kaka zangu walimchinjia mbuzi, wakamwonyesha kilima chote, mpaka ndama aliyepewa jina lake. Siku ya tatu alifunga mfuko wake.

"Mama, kesho nitarudi kwetu."

"Kwenu wapi?" kaka yangu mkubwa aliuliza, mkono juu ya ng'ombe. "Hapa njo kwenu!"

Faustin alitabasamu kwa adabu, kama mgeni anayependa wenyeji wake. Nami nilielewa jambo ambalo miaka yote ile sikulielewa. Nilidhani ninalea mtoto ugenini. Mgeni nilikuwa mimi peke yangu.

Asubuhi nilimsindikiza hadi barabarani, nikamrekebishia kola ingawa ilikuwa sawa.

"Ukifika," nikamwambia, "unisalimie batu ba kwenu."