Ndama wa Mtera

Kwa miaka ishirini na mmoja Zablon Chilongani aliandika nasaba ya kila ng'ombe aliyezaliwa katika kituo cha mifugo kilichokuwa upande wa Mvumi: namba ya sikio, mama, baba, siku na uzito. Cheo chake kilikuwa mhudumu tu, lakini mabwana mifugo waliokuja na kuondoka walijua kwamba rejesta ilikuwa kichwani mwake kabla haijafika kwenye karatasi. Ukimwonyesha mtamba aliye mbali malishoni, angekutajia bibi yake mzaa mama.

Basi Raheli alipofika kutoka chuo kikuu, mwezi wa saba mwaka 1997, alielekezwa kwake moja kwa moja. Alikuwa akisomea shahada ya pili, na utafiti wake ulihusu urithi katika damu ya ng'ombe hawa, ambao mababu zao walichanganywa makusudi ili wastahimili ukame wa Ugogo. Siku tatu nzima Zablon aliwabana ng'ombe shingo mmoja mmoja kwenye ujia wa mbao wa kuelekea joshoni, Raheli akachoma sindano, na vichupa vikapangwa ndani ya kasha la barafu. Alimweleza mzee kwamba damu ile ingesafirishwa Ulaya, maana mashine ya kuisoma haikuwapo nchini. Akasema kila ndama hubeba nusu ya mama na nusu ya baba, na kwamba nusu hizo hazifutiki.

"Hata baba akiwa amekufa?" Zablon aliuliza.

"Hata akiwa amekufa, mzee. Lile dume lenu la zamani, Jemadari, mbegu zake bado zimehifadhiwa kwenye mtungi wa baridi. Naye tutamsoma."

Zablon alimfungulia ng'ombe aliyekuwa mbele yake, akamwita mwingine.

Mwezi wa kumi na mbili ikaja barua. Serikali ilikuwa inajitoa katika shughuli za ufugaji, kituo kingeuzwa, na wafanyakazi walikuwa wanapunguzwa. Zablon aliisoma akiwa wima, akaikunja, akaenda kukamua. Hakumwambia mkewe Loisi. Loisi alizipata habari kanisani, Jumapili, kwa mke wa mfanyakazi mwingine. Alipomuuliza kwa nini alinyamaza, Zablon alisema hakuona cha kusema, na huo ndio ulikuwa ukweli. Mvua za ajabu za mwaka ule zikanyesha, barabara ikakatika, kona moja ya tembe yao ikamomonyoka. Zablon aliitazama kona ile kama vile nyumba ni ya jirani. Loisi ndiye aliyetafuta watu wa kuikandika upya.

Mwezi wa sita Raheli alirudi. Alimkuta Zablon shambani, akivuna uwele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikaa juu ya jiwe, akatoa karatasi, akazishika bila kuzifungua. Aliuliza habari za nyumbani, za mavuno, za mvua. Kisha akasema, "Mzee, kuna ng'ombe watano wananisumbua. Wote walizaliwa mwaka themanini na tano. Rejesta inasema baba yao ni Jemadari. Damu inakataa."

Mwaka themanini na nne nyasi zilikwisha kituoni. Zablon na wenzake wawili waliswaga majike arobaini hadi Mtera, kwenye ukingo wa bwawa, ambako majani mabichi yalikuwa bado yanapatikana. Jemadari alibaki zizini, hana nguvu ya safari. Kule bwawani kila mfugaji wa nchi ile alikuwa amekimbilia, na makundi yakachanganyika kwa miezi mitatu. Majike walirudi na mimba. Ndama walipoanza kuzaliwa, mkuu wa kituo, Bwana Batholomeo, alifungua rejesta, akaona nafasi tupu kwenye safu ya baba, akasema taarifa ya mwaka haiwezi kwenda hivyo. "Andika Jemadari." Zablon akaandika, mara kumi na nane; kati ya ndama hao sasa walikuwa wamebaki watano.

Batholomeo alikuwa amekwisha kufariki. Miaka yote hiyo Zablon alikuwa ameitunga kauli yake, jinsi atakavyoeleza siku akiulizwa, jinsi atakavyomtwika mkubwa wake mzigo wote. Sasa siku imefika, akaitafuta aibu kama mtu anavyoubonyeza mguu uliokufa ganzi. Hakusikia kitu.

"Damu imesema kweli," alisema. "Dume sikumjua. Walikuwa wengi pale bwawani." Akamsimulia yote, hakuacha neno. Alipofika kwa Batholomeo alitaja amri yake, kisha akaongeza, "Lakini mkono ulioandika ni wangu."

Raheli alizifungua karatasi zake. "Na wengine? Wa miaka mingine?"

"Wengine ni kweli."

"Nitajuaje, mzee?"

Zablon alizikumbuka asubuhi alizopiga magoti topeni akifuta sikio la ndama kwa kidole ili aisome namba. Zilikuwa asubuhi nyingi mno, na hakuna hata moja aliyoweza kuitoa mfukoni ikawa ushahidi.

"Huwezi kujua," alisema.

Raheli akainamisha kichwa. Msimamizi wake, Daktari Silvano, alikuwa amekwisha kumwambia kwamba ukipatikana uongo hata mmoja, basi kila ng'ombe ambaye ukoo wake unategemea rejesta peke yake atolewe kwenye utafiti. Raheli alikuja akitumaini kusikia kwamba kalamu iliteleza ukurasa mmoja. Alipokuwa akiondoka alisema kwamba wale watano walikuwa wamezaa karibu kila mwaka, na pengine ndio waliostahili kuchunguzwa zaidi, ila huo ungekuwa utafiti mwingine na haukuwa na mfadhili. Zablon akaitikia kwa kichwa. Loisi alimfungia mgeni karanga kwenye kitambaa.

Mwezi wa nane kundi likauzwa kwa mnada. Zablon aliitwa kwa siku moja, aje awatambulishe ng'ombe. Mfanyabiashara wa mjini Dodoma, Swedi Abbasi, aliyetaka ng'ombe wa kuzalisha, alimuuliza ni wapi walio uzao halisi wa Jemadari. Zablon alipita akiwagusa mgongoni mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa wale watano akasema hawa sio. Kwa hiyo watano wale wakachukuliwa na wachinjaji.

Lori lilirudishwa nyuma hadi kwenye ngazi ya mbao. Mmoja wao, jike kizee la kijivu, alifika katikati ya ngazi akasimama. Wakamchapa, hakusogea. Zablon alijua anachongoja. Akaenda, akamwekea kiganja juu ya nyonga kama alivyozoea kumwekea kila asubuhi ya kukamua, na ng'ombe akapanda.

Nyumbani alikula ugali na mlenda aliotengewa. Loisi alimuuliza mnada ulikuwaje.

"Wameisha," alisema, akanawa mikono.

Mwaka uliofuata kifurushi kilikuja kwa njia ya kanisa. Ndani mlikuwa na kitabu cha utafiti wa Raheli, Kiingereza kitupu. Mwalimu wa shule aliwasomea mstari wa shukrani, ambamo jina la Zablon Chilongani lilikuwa limeandikwa bila kosa. Akawasomea pia mahali paliposema kwamba sehemu ya kumbukumbu za kituo haikuweza kuthibitishwa, hivyo haikutumika. Zablon alipindua kurasa mwenyewe mpaka kwenye majedwali ya namba, akazisoma zote polepole kwa kidole. Kisha akamwambia Loisi akiweke juu, mbuzi wasikifikie, akachukua kombeo lake akaenda shamba, maana ndege walikuwa wameanza kuushukia uwele.