Kutangaza Pikipiki Zisizo na Breki

Siku yangu ya kwanza kwenye mbio nilipewa penseli nikaambiwa nisiseme neno. Nilikuwa karani wa mapokezi katika kituo kidogo cha redio mjini Kericho, kazi yangu kupokea simu na kuwaelekeza wageni. Jumamosi hiyo mtu wa kuhesabu mizunguko alikuwa mgonjwa, na Mhariri wa Michezo akaja mbio hadi kwenye meza yangu.

"Atieno, unaweza kuhesabu hadi nne bila kukosea?"

"Naweza."

"Basi ingia kwenye gari."

Tulienda Kipkelion, kwenye uwanja wa udongo mwekundu uliozungushiwa mbao. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuutangaza. Waendeshaji wanne, mizunguko minne, na kona zote ni za kushoto. Pikipiki hazina breki. Mafundi wetu walikuwa wakizing'oa kwa mikono yao na kubakisha gesi tu, ile ya kuongezea mwendo. Mwendeshaji akifika kwenye kona huliacha gurudumu la nyuma liteleze, huku mguu wake wa kushoto, wenye bamba la chuma chini ya kiatu, ukiburuzwa ardhini. Mchuano mmoja huchukua kama dakika moja. Wa kwanza hupata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho hapati kitu. Sura zao huzioni kwa vumbi, kwa hivyo kila mmoja huvalishwa kitambaa cha rangi juu ya kofia yake ya chuma: nyekundu, buluu, nyeupe au manjano. Mtangazaji asiyeshika rangi hana kazi.

Katika mchuano wa sita Mhariri alimeza vumbi, sauti ikakauka kabisa. Akanisukumia kipaza sauti. Mimi nilikuwa sijawahi kutangaza hata harusi. Lakini nilizaliwa Mogogosiek, ambako baba yangu alikuja kutoka upande wa ziwa akawa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, na tangu nikiwa mdogo alikuwa akiniuliza, "Sikiliza hiyo mashine. Inasema nini?" Kwa hivyo nilisema nilichosikia. Nilisema wa buluu anaongoza lakini injini yake inakohoa, hatamaliza. Mzunguko wa tatu ikazimika mbele ya watu wote. Tulipokuwa tunarudi kwenye gari Mhariri alipata sauti kidogo, akanipa somo ambalo sijawahi kuliacha.

"Usimwambie msikilizaji unachokiona. Atachoka. Mwambie kinachobadilika."

Jumatatu iliyofuata meza ya mapokezi ilipata mtu mwingine.

Nilitangaza redioni miaka mingi. Kila Jumatatu mchana tulikuwa na kipindi cha mashabiki, na hapo ndipo nilipojua kwamba mbio haziishi uwanjani. Watu walipiga simu kutoka mashamba ya chai, kutoka dukani, kutoka kwenye foleni ya maziwa. Wawili hawakukosa hata wiki moja. Wa kwanza ni Mzee Arap Tonui, mfugaji wa Kipkelion, aliyekuwa na kumbukumbu ya kila mtu aliyewahi kuanguka na kona aliyoangukia. Wa pili ni Baba Otis, fundi cherehani wa Kericho mjini, aliyeshona zile nguo nzito za waendeshaji na kwa hivyo alidai kuwajua kuliko mama zao. Hawakuwahi kukubaliana. Kama mmoja alisema mwendeshaji fulani amezeeka, mwingine alisema ndiyo sasa ameiva.

Televisheni ilipofika kwetu nilihamishiwa huko kutangaza mbio, ila kipindi cha Jumatatu nikabaki nacho redioni. Mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Vipindi, mtu nadhifu aliyependa kukaa kwenye gari la mitambo na kuniongelesha kupitia kisikizi cha sikioni. Siku ya kwanza alinikatiza mara tatu. "Mama, watu wana macho. Ukiwaambia mwekundu yuko mbele unawafanya wajinga." Alikuwa na haki. Redioni ukinyamaza, uwanja unapotea. Kwenye televisheni kunyamaza ni sehemu ya kazi. Nilijifunza kuacha injini ziongee, na kuingia tu pale macho ya kawaida hayawezi kufika: kwa nini mtu ameingia kona kwa nje, nani amefunga gesi kwa woga, udongo gani umelowa.

Miaka hiyo ndiyo alitokea Chelangat. Alikuwa msichana wa Sigor aliyekuwa akibeba maziwa ya wafugaji kwa pikipiki kwenye zile njia zenye mawe, na mtu aliyezoea kushuka mlima na mitungi minne ya maziwa bila kumwaga hawezi kuogopa kona ya uwanjani. Msimu wake wa kwanza wanaume walimcheka. Msimu wa pili walianza kumzibia njia. Msimu wa tatu alikuwa bingwa, na Sigor nzima ilikuwa ikijaa kwenye hoteli moja sokoni kumtazama kwa sababu ndiyo iliyokuwa na televisheni kubwa. Mama yake aliwekewa kiti cha mbele.

Sasa nifike mahali ambapo sikufanya vizuri.

Ilikuwa Kericho, fainali ya msimu, jua la saa tisa. Chelangat alivaa nyeupe. Mzunguko wa pili, akiwa mbele, gurudumu lake la nyuma liliingia kwenye mfereji uliochimbwa na michuano ya asubuhi. Pikipiki ilisimama wima ikamrusha kwenye mbao. Nilisikia mbao zikivunjika kabla sijasikia watu wakipiga kelele.

Daktari wa uwanja alimfikia haraka, akapiga magoti, kisha akainua mkono wake wa kulia juu kabisa. Hiyo ilikuwa ishara tuliyokubaliana: anapumua na anajibu. Niliiona kwa macho yangu kutoka kwenye kibanda. Kamera haikuiona, kwa sababu wakati huo huo Meneja alikuwa akisema sikioni mwangu, "Narudisha picha. Eleza alivyoanguka. Usinyamaze."

Nikaeleza. Tena nilieleza vizuri. Nilionyesha mfereji, nilionyesha bega lilivyotangulia, nilisema hakuna mwendeshaji ambaye angeweza kujiokoa pale. Picha ikarudi mara ya pili kwa mwendo wa pole. Ikarudi ya tatu. Nilihesabu baadaye kwenye kanda: mara sita. Kisha tukakatiza kwa matangazo ya biashara, na tuliporudi muda wetu ukawa umeisha. Niliivua ile mashine ya sikio nikiwa na fahari. Nilijiona nimefanya kazi ya kitaalamu.

Jumatatu, kabla ya kipindi cha mashabiki, mlinzi wa lango aliniambia kuna mama ananitafuta. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani na viatu vyenye matope ya safari. Nilimwamkia kwa Kipsigis, "Chamgei." Hakuitikia.

"Wewe ndiye Atieno?"

"Ndiye mimi, mama."

"Sauti naijua. Mimi ni mama ya Chelangat. Umenionyesha mtoto wangu akianguka mara sita. Nilikuwa nimekaa mbele, watu wote nyuma yangu. Hata mara moja hukusema kama anapumua."

Nikamkaribisha kiti. Alikataa.

"Unajua nini ilifanyika? Watu walinishika mkono wakanipeleka nyumbani. Wanaume wakaenda kanisani wakaleta viti. Wanawake wakaanza kupika chai ya matanga. Mchungaji alikuwa ameshaomba. Jioni ndiyo simu ikapigwa kutoka hospitali, na aliyekuwa anaongea ni yeye mwenyewe, ananiambia mguu umevunjika na bega. Mimi nikauliza ni nani huyu ananichezea." Aliniangalia usoni. "Wewe ulikuwa hujui?"

Ningeweza kusema sikujua. Hakuna mtu angenipinga.

"Nilijua, mama," nikamwambia. "Daktari aliinua mkono. Nilimwona."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilotarajia, akaondoka. Mchana huo kwenye kipindi niliwasimulia wasikilizaji yote, jinsi ilivyokuwa. Arap Tonui na Baba Otis walipiga simu wote wawili na hakuna hata mmoja aliyekuwa na la kubishana.

Siku iliyofuata niliingia ofisini kwa Meneja. Nilimwambia kuanzia sasa mtu akianguka, hakuna picha itakayorudiwa mpaka tuseme hali yake. Kwanza jina, pili hali, picha baadaye, na mara moja inatosha.

"Atieno, watu wanataka kuona."

"Watu wanataka kujua. Ni tofauti."

"Na kama dakika tano zimepita hatujui?"

"Tutasema hatujui, na tutaonyesha watu wanaomsaidia wakifanya kazi yao, kwa mbali."

Alicheka kwa adabu. Alisema sheria za vipindi haziandikwi na mtangazaji. Nikamwambia basi atafute mtangazaji mwingine. Alidhani natishia. Wiki hiyo hiyo nilirudishwa kutangaza mbio redioni, na barua ikasema ni kwa manufaa ya kituo. Sitadanganya, iliniuma. Nilikuwa nimezoea kuitwa jina sokoni na watu nisiowajua.

Lakini sauti ina wenyewe. Mashabiki walianza kufanya jambo ambalo sisi hatukulifikiria: waliwasha televisheni, wakaizima sauti, wakaweka redio juu yake. Redio yetu ilitangulia picha kwa sekunde chache, kwa hivyo nilikuwa nikisema wa manjano atapitwa, nao wakimwona bado yuko mbele. Baba Otis alipiga simu akicheka. "Hapa dukani wanasema Atieno anaona mbele ya kamera!" Arap Tonui akasema hapana, ni kamera ndiyo imezeeka. Kabla msimu haujafika nusu Meneja alinipigia mwenyewe. Hakuomba msamaha, wakubwa wa enzi zangu hawakuwa na desturi hiyo. Alisema tu, "Njoo na zile sheria zako."

Nilizileta zikiwa zimechapwa kwenye karatasi moja. Zilibandikwa ndani ya gari la mitambo, na Meneja huyo huyo ndiye alikuwa mkali kuliko wote kuzifuata.

Chelangat alikaa miezi mingi na magongo. Kila Jumatatu mguu wake ulijadiliwa kama barabara ya kaunti. Baba Otis alitaka astaafu. "Amechukua ubingwa. Aondoke na jina lake, aolewe, alee watoto." Arap Tonui alikasirika sana. "Wewe unashona nguo, hukati maisha ya watu! Huyo mtoto ako na miaka kumi mbele yake." Wengine walisema televisheni ndiyo iliyommaliza, kwamba kila mahali anapoenda watu wanamwona akianguka.

Nikamwalika studioni. Alikuja kwa magongo yake, akakaa, akawasikiliza wote wawili kwa simu mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Mnauongelea mguu wangu kama ni wa kamati. Baba Otis, asante kwa nguo, ilinisaidia, bega lingekuwa vipande. Mzee Arap Tonui, asante kwa hiyo miaka kumi. Lakini mimi ndiye nitarudi na mimi ndiye nitatoka. Siku nikitoka nitawaambia, msiambiwe na picha."

Alirudi msimu uliofuata. Nilimtangaza Mogogosiek, kwenye uwanja ulio karibu na kiwanda, ukungu ukiwa bado haujaondoka kwenye majani ya chai. Alimaliza wa tatu. Kwa macho alikuwa sawa kabisa, lakini sikio langu lilisikia kitu kwenye kila kona: gesi ilikuwa ikifungwa mapema kidogo, kama pumzi inayokatika. Sikulisema hewani. Kuna mambo mtangazaji anayajua na si yake kuyasema.

Nilimfuata na kipaza sauti. Alivua kofia, uso wote vumbi, na akatazama kamera.

"Mkono wangu unafunga gesi bila kuniuliza. Mwendeshaji ambaye mkono wake unamwamulia ataumiza mwenzake. Leo nimemaliza. Mama, nakuja nyumbani, na niko mzima."

Sigor, nilisikia baadaye, watu walisimama wakapiga makofi katika ile hoteli. Mama yake alikuwa kwenye kiti cha mbele.

Chelangat hakuuacha mchezo. Alikuwa mkaguzi wa viwanja, wa kwanza mwanamke, na aliondoa zile mbao zote akaweka magunia yaliyojazwa maranda. Alikuwa akitembea kona baada ya kona kwa miguu kabla ya kila mchuano, akichechemea, na akiona mfereji anasimamisha mbio hadi uzibwe, hata mgeni rasmi awe anangoja. Waliokuwa wakilalamika walimzoea.

Mimi nilistaafu kwa hiari yangu. Siku nilipochanganya nyeupe na manjano mara mbili katika alasiri moja, niliandika barua jioni hiyo hiyo. Vijana huniuliza siri ya kazi. Hakuna siri. Jua mashine, shika rangi, usipende sauti yako kuliko mtu unayemtangaza. Kosa langu niliwasimulia watu wote kwa sababu nimeona wengi wakificha yao, na kosa lililofichwa halimfundishi mtu. Kwa hayo mengine, nasema bila aibu kwamba nilikuwa mzuri.

Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukaa na mashabiki. Mwaka jana nilikwenda Sigor kama mtu wa kawaida, nikakata tiketi, nikakaa kwenye ngazi za mbao kati ya watu wasionijua. Mbio zikaanza, na mimi nikashindwa kabisa kujizuia. Nilisimama, nikapiga kelele, nikamwambia wa buluu afungue gesi, nikamtukana wa nyekundu kwa kuziba njia. Mwanamke aliyekaa mbele yangu na kikapu cha mayai ya kuchemsha na redio ndogo mapajani alivumilia michuano miwili, kisha akageuka.

"Mama, tafadhali nyamaza kidogo. Tunataka kumsikia mtangazaji."

Nikakaa chini, nikanyamaza, nikamsikiliza. Alikuwa akitangaza vizuri.