Miguu ya Moto ya Mtoto wa Kabula

Sijui kuandika vizuri, niliishia darasa la saba, na ukurasa huu nimeufuta mara kadhaa nikijiuliza kama niliona au nilitaka kuona. Niliona. Ilikuwa saa kumi alasiri, saa ya kutazama wagonjwa, na sikuwa na homa.

Nilikuwa mhudumu wa wodi ya watoto katika hospitali moja huku Bariadi, jina naliacha. Ni miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia na malori yao. Kila mwaka madaktari wageni walikuja wiki mbili kuwapasua vichanga ambao mshipa mmoja karibu na moyo umekataa kujifunga. Baada ya hapo kazi ilikuwa kubashiri nani ataendelea vizuri na nani hali itambadilika. Mashine hazikuwepo za kutosha, kwa hiyo nesi alishika miguu. Ikipoa, ujue moyo unashindwa kusukuma damu, daktari anaitwa haraka.

Mwaka wa kwanza Minza, mama kutoka Mwamapalala, alikuwa na mtoto wa kiume aliyepasuliwa. Asubuhi ya siku ya tatu nikaikuta miguu yake baridi. Kwetu mtoto akipoa anapashwa. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa za soda, nikazifunga kitenge, nikaziweka miguuni chini ya blanketi. "Wabeja, dada," Minza akanishukuru, akidhani namfunika tu mtoto. Nesi alipopita akaishika miguu, akasema, "Huyu yuko vizuri," akaenda kwa mwingine. Kabla ya saa sita mtoto alikufa. Nikawahi kuzitoa zile chupa. Daktari alisema pengine angekufa tu, na naliandika hilo kwa sababu alilisema. Lakini Minza aliniuliza, "Mbona miguu ilikuwa ya moto?" Nikainama nikaendelea kupiga deki.

Masika yaliyofuata Minza naye akafariki. Ndugu zake ndio walioniambia.

Mwaka wa pili walipasuliwa watoto watatu, mmoja wao binti wa mdogo wangu Kabula. Siku ya kwanza, saa ya kutazama wagonjwa, akaingia mwanamke amejitanda kitenge, akamshika miguu mtoto wa kitanda cha kwanza.

"Mwadila, dada," akanisalimu.

Alikuwa Minza. Utaniamini nikisema nilimwitikia?

"Huyu leo atashindwa kuhema," akasema, kama anayesema mvua inakuja. Jioni mtoto alibanwa kifua, akawekewa oksijeni. Kesho yake akamshika wa pili: "Huyu mkojo utakatika." Ukakatika. Wote wawili waliokolewa, nisimsingizie. Hao hakuwa na ugomvi nao.

Siku ya tatu akaenda kwa mtoto wa Kabula. Akaisugua miguu taratibu, muda mrefu, anatabasamu.

"Na huyu?" nikauliza.

"Huyu nimekupashia."

"Minza, ana kosa gani huyu?"

"Wangu alikuwa na kosa gani?"

Akatoka. Nikamfuata kwenye korido, hayupo.

Nikaishika miguu ya mtoto: ya moto. Nesi akaishika: ya moto. "Huyu ndiye mzima kuliko wote, dada. Wewe unataka kutuloga," akanitania. Lakini nepi ilikuwa kavu tangu asubuhi na ziwa alikuwa amelikataa. Nikamwambia miguu hiyo inadanganya.

"Umejuaje?"

Hapo ndipo Minza alipotaka nifike. Nikasimama mbele ya nesi, daktari na Kabula, nikaeleza habari yote ya zile chupa. Daktari hakungoja nimalize. Walihangaika na mtoto hadi asubuhi, akapona.

Kazi niliachishwa, na ilikuwa haki. Kabula anakubali alimwona yule mwanamke, ila anasema alikuwa mrefu, na Minza alikuwa mfupi. Sijui. Ninachojua, tangu siku ile mikono yangu haitambui baridi. Maji ya mtungi nayasikia ya moto. Mama yangu tulipomwosha, mkono wake niliusikia wa moto, nikasema bado yu hai, wakanitoa nje. Na Kabula hajawahi kunipa mwanawe nimbebe. Sasa ni msichana mkubwa, hunisalimia akiwa mlangoni.

Wewe mwenye mtoto aliyetoka kupasuliwa, usimpashe miguu kabla hujamwita nesi. Mwache aishike ilivyo. Na kama umekosea, mwambie mama mwenye mtoto, siku ileile, angali amekaa kitandani anakuuliza. Mimi nimewaambia watu wote, isipokuwa yeye.