Nati nne za Bakari: nilivyomfukuza adui yangu kutoka Msambweni hadi Mwabungo ili nimpe vitu vyake

Wakuu, asalaam aleikum. Na nyie wa Nairobi nawasalimu, kwani nanyi ni watu.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe wiki iliyopita, na chumvi sijatia. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hata vipande vya muhogo ndani ya gazeti. Kwa hivyo kama humu kuna uongo, ujue umenipita mara mbili.

Nina lori dogo. Nabeba madafu kutoka Msambweni kupeleka sokoni Mombasa.

Kuna dereva mwenzangu anabeba mzigo uo huo, jina lake Bakari. Hatusemezani tangu mwezi wa Ramadhani, kwa sababu ya mteja mmoja wa hoteli kule Diani. Yeye anasema ni wake, mimi nasema ni wangu. Mteja mwenyewe siku hizi ananunua kwa mtu mwingine kabisa, lakini ugomvi tumeutunza vizuri, haujaharibika.

Bakari aliniblock simu. Halafu akatoka na kwenye group ya WhatsApp ya madereva, asije akaliona jina langu akakosa hamu ya kula.

Hiyo group ina sheria tatu. Ukimkuta mwenzio amekwama, simama. Ukiona hatari mbele, sema. Na ya tatu, ambayo wengi huisoma haraka haraka: mwenzio akiwa anaelekea kuua mtu, mripoti, hata akiwa ndugu yako.

Hiyo ya tatu huitwa uchongezi. Na wanaoiita hivyo ni wale wale wanaofaa kuripotiwa.

Sasa, asubuhi hiyo nimetoka kupakia, nikaona matawi ya majani yametandazwa barabarani. Mnajua maana yake: mbele kuna gari limekufa. Nikapunguza mwendo, nikatazama, ni lori la Bakari. Pancha, gurudumu la mbele kulia.

Wakuu, nilitamani liwe la mtu yeyote mwingine.

Lakini sheria ni sheria. Nikasimama, nikashuka.

"Sikuja kwako," nikamwambia. "Nimekuja kwa gari."

"Gari limekusikia," akasema, wala hakuinua kichwa.

Jeki yake ilikuwa haipandi. Nikamtolea yangu, nikaiweka chini karibu naye bila neno. Akaichukua bila neno. Tukafanya kazi hivyo, kama mabubu wawili wanaojenga nyumba. Akitaka spana analiambia gurudumu, nami nampa.

Gurudumu jipya likaingia. Akafunga nati ya juu, akafunga ya chini, akazikaza vizuri. Simu yake ikalia. Nilimsikia mnunuzi wa sokoni akipiga kelele: "Wa kwanza kufika ndiye nanunua kwake! Wa kwanza tu!"

Hapa niseme kitu. Mnunuzi huyo huyo alikuwa amenipigia mimi dakika chache kabla, na maneno hayo hayo. Mimi nikajua ni mchezo wake, anataka tufike tukihema, tuuze kwa bei ya kuhema. Nimefanya biashara sana, wakuu, siwezi kukimbizwa na simu.

Bakari hajui hivyo. Alishusha jeki, akatupa vyombo ndani ya lori, akaingia, vuuup, akaondoka.

Mimi nikabaki kuondoa matawi, maana anayetoka mwisho ndiye anayesafisha. Ndipo nikaona kitambaa chini kando ya lami, na juu yake nati.

Nikahesabu. Nne.

Nikazunguka lori langu nikahesabu zangu zote. Zipo. Nikarudi kwenye kitambaa. Bado nne.

Gurudumu lile lina nati sita. Fanyeni hesabu wenyewe.

Nikapiga simu yake. Block. Nikaingia kwenye lori, nikamfukuza.

Kwa wasiojua lugha ya barabara yetu: ukimulikwa taa kutoka mbele, polisi wapo. Ukimulikwa kutoka nyuma, maana yake nipishe. Hakuna mmuliko wa kusema "gurudumu lako linakuaga."

Basi kila nikimmulika, Bakari anajua nataka kumpita nifike sokoni kwanza. Anaongeza mwendo. Nikienda kulia, anaziba kulia. Nikapiga honi mpaka kuku wa watu wakahama. Nikatoa mkono dirishani na kile kitambaa na nati zake, nikakipunga.

Naye akatoa mkono, akanipungia kama bwana harusi anayewaaga wakwe.

Nilicheka, wallahi. Peke yangu ndani ya lori nilicheka.

Kisha tukapita tuta moja, nikaona lile gurudumu likicheza. Na kandokando ya barabara wako kina mama na machungwa yao, na watoto wa shule wenye sweta za kijani. Kicheko kikakauka.

Mbele kulikuwa na kizuizi cha polisi, hata si mbali. Ningeweza kuwapigia wamsimamishe. Lakini tajiri wake, Bi Salma mwenye lori, alishamwambia mbele ya watu kwamba kosa moja zaidi na funguo anazichukua. Nikiwaita polisi, Bakari amepona na kazi imekufa. Nikinyamaza, labda anakufa yeye na mama wa machungwa.

Nikampigia Mwanasha. Huyu dada anaendesha lori la tangi la maji, tunajuana sote, na ulimi wake ni kisu.

"Uko wapi?"

"Mwabungo, namwaga maji kwenye mjengo. Kwani leo umekosa mteja wa kugombania?"

"Bakari anakuja huko. Gurudumu la mbele lina nati mbili, na hasimami."

"Mbili kati ya ngapi?"

"Sita."

"Umehesabu?"

"Mara mbili."

"Basi." Akakata.

Tulipokaribia Mwabungo, nikaona alichofanya. Hakuziba barabara, wala hakupunga mkono. Ameegesha lori lake pembeni, na lami yote ameitandaza matawi.

Bakari anaweza kunidharau mimi, honi zangu na taa zangu. Matawi hawezi. Taa zake za breki zikawaka, akapunguza pole pole, akasimama. Akaruka chini na jeki mkononi.

"Dada, umepatwa na nini?"

"Mimi mzima," Mwanasha akasema. "Wewe je?"

Nami ndipo nikafika na kitambaa changu.

"Ahaa!" Bakari akaruka. "Mmepanga! Unanisimamisha ili yeye apite!"

"Nipite niende wapi? Nimesimama hapa."

"Hizo nati umezinunua!"

"Bakari," nikamwambia, "unanijua. Mimi ninunue nati nne nikupe bure?"

Hoja hiyo ilimwingia.

Akaenda kutazama gurudumu. Akainama, akapapasa nafasi za nati moja moja. Akageuka, akaniita kwa mkono nikaone. Ile nati ya chini ilikuwa imekwenda. Imebaki moja.

"Nilifunga mbili," akasema.

"Nilikuona."

Akakaa chini kwenye mchanga na akaanza kucheka, kile kicheko ambacho mtu hawezi kukizima. Mimi nikaingia, Mwanasha akaingia, tukacheka watu watatu mpaka fundi wa mjengo akaja kuuliza kama kuna msiba.

Mwanasha ndiye aliyepona kwanza. "Haya. Bi Salma anaambiwa. Ama upige wewe ama nipige mimi."

Bakari akapiga, kwenye spika. "Shikamoo mama." Akasema yote, hata neno hakuficha. Bi Salma akafoka kwa muda, akapumua, akafoka tena. Kisha akauliza:

"Gurudumu lipo?"

"Lipo, mama."

"Na wewe upo?"

"Nipo."

"Basi funga nati, mjinga wewe. Na nani aliyekuambia?"

Bakari akanitazama. Akalitaja jina langu, kwa shida, kama mtu anayetema mfupa wa samaki.

Nilimpa zile nati, lakini si bila masharti. Nilimwambia toa block kwanza. Akaitoa mbele ya macho yangu. Tukaenda sokoni taratibu, tukamkuta mnunuzi anatusubiri sote wawili na hakuna mwingine, tukakubaliana bei moja tukamkazia. Alilia.

Nilichojifunza, wakuu: kuripoti si uchongezi, ikiwa unamripoti ili afike. Wapo watakaosema ningewaita polisi moja kwa moja. Semeni hapa chini, nitasoma, ila nitawajibu kwa kubishana.

Jioni simu yangu ikalia. Ujumbe wa kwanza kutoka kwa Bakari tangu Ramadhani:

"Ile jeki niliyomshukia nayo Mwanasha ni yako. Unahesabu vya wenzio tu?"